Lugha ya Kitanda Namba Saba

Wanangu mnaoanza uuguzi, mtanisamehe nikianza na jambo ambalo halimo kwenye madaftari yenu. Mgonjwa akiletwa wodini, mkishampima presha na joto, mkishaandika jina, umri na dini, muulizeni na hili: ulipokuwa mtoto, ulikuwa unalia kwa lugha gani? Atacheka, au atawaona hamnazo. Muulizeni hivyo hivyo. Mimi nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, Iringa kwanza, kisha Mbeya, na sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo mpaka nilipobakiza mwaka mmoja kustaafu.

Jina langu ni Atuganile, ila wodini wote waliniita Sista Atu. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Nyumbani hatukuwa tukiongea Kiswahili. Nilikikuta shuleni, nikakisoma kama mnavyosoma Kiingereza, kwa hofu. Nilipopangiwa kazi Iringa nilidhani hicho Kiswahili kingenitosha. Asubuhi ya kwanza bibi mmoja akanishika mkono, akaniambia, "Kamwene. Mnogage?" Mimi nikasikia kunoga. Nikadhani ananiuliza habari za uji wa hospitali, nikamjibu kwa adabu kwamba haujanoga, sukari kidogo. Wodi nzima walicheka, hata mama mmoja mwenye mshono tumboni akawa analia huku anacheka, anatuomba tunyamaze. Kumbe bibi wa watu alikuwa ananisalimia tu.

Aliyeniokoa na aibu kama hizo ni Mama Kikoti, mhudumu wa wodi. Kazi yake ilikuwa kupiga deki na kumwaga ndoo, cheti hakuwa nacho hata kimoja. Yeye ndiye aliyenifundisha Kihehe cha hospitali: unaumwa wapi, geuka huku, meza, usiogope. "Sista," alikuwa akiniambia huku ameegemea fagio lake, "mtu mzima anakuongelesha Kiswahili kwa heshima yako. Akizidiwa, ile heshima inaisha." Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Nilihamishiwa Mbeya, miaka ikapita, Kihehe changu kikaota kutu.

Sasa niwaeleze habari za kitanda namba saba.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika, na mnajua Mbeya inavyokuwa wakati huo. Ukungu unashuka kutoka Mlima Loleza saa sita mchana, unasimama madirishani kama watu wanaochungulia, tunawasha taa za wodi ilhali jua liko juu. Akaletwa mama mmoja wa miaka sabini na kitu, amepigwa na kiharusi upande wa kulia. Aliitwa Bi Salama. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa sokoni, familia ya Kiislamu yenye asili ya pwani. Mimi nilikuwa nimenunua khanga kwake mara nyingi. Kiswahili chake kilikuwa kitu cha kusimama na kusikiliza, laini, kila herufi mahali pake. Sisi wa huku tukiongea mbele yake tulijiona kama tunapasua kuni.

Binti yake, Hawa, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mtaratibu. Siku nne za kwanza mama hakutoa sauti. Siku ya tano, saa nane mchana, nikiwa nagawa dawa, nikasikia mtoto wa kike akiongea wodini. Nikageuka kwa hasira, maana watoto hawakuruhusiwa. Hapakuwa na mtoto. Ile sauti ilikuwa inatoka kitanda namba saba.

Bi Salama alikuwa ameutazama mlango. Mdomo umevutwa upande mmoja, macho yamekaza, na ile sauti nyembamba ya mtoto wa miaka sita au saba inamtoka. "Dada," alisema. "Dada." Kisha akaongeza maneno ambayo sikuyashika, akanyamaza, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kisha akatikisa kichwa taratibu, kukubali.

Chupa ya uji ilimponyoka Hawa.

Mnielewe alichoogopa. Mumewe Bi Salama alikuwa na dada yake mkubwa, marehemu Mwajuma, na Bi Salama maisha yake yote alimwita Dada Mwajuma. Huyo Mwajuma alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, katika wodi yetu ile ile, kitanda cha karibu na mlango. Habari hiyo ilizunguka wodini kabla sijamaliza kugawa dawa. Wa namba sita akaomba ahamishwe. Wa namba nane hakuomba, alibeba godoro lake mwenyewe akahamia upande wa pili. Kufikia siku ya sita Bi Salama alikuwa amezungukwa na vitanda vitupu, na kila mchana ukungu ukishuka, ile sauti ya mtoto inaanza: dada, dada.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Alikataa chakula. Tukimkaribia na kijiko anauma meno, anabana midomo mpaka inakuwa myeupe. Mpira wa kulishia tukiuweka anauchomoa kwa mkono wake mzima. Alikuwa anakwisha mbele ya macho yetu.

Siku ya saba Hawa akanifuata kwenye meza ya wauguzi.

"Sista, naomba nimtoe mama."

"Umpeleke wapi, mwanangu?"

Akatazama chini. "Kuna mtaalamu nje ya mji. Gari liko hapo nje. Sista, mimi sijasoma udaktari, lakini yule siyo mama. Mama hana sauti ile. Na ile lugha hatuijui, ukoo mzima. Ni lugha ya nani ile?"

Nikamweleza kwamba koo la mgonjwa wa kiharusi halifanyi kazi sawasawa. Wakimnywesha dawa za kienyeji njiani atapaliwa, itaingia mapafuni, atakufa garini. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Akibaki hapa anakufa pia." Nikamwambia anisubiri nimbadilishe mama shuka, asitoke mchafu.

Nikiri hapa, maana nawaandikia ninyi. Katika siku tatu zile hata mimi nilikuwa nakwepa kitanda kile saa nane. Nilikuwa nampangia kazi hiyo muuguzi mwingine. Mtaniuliza, Mbeya imejaa watu wa kila kabila, ilikuwaje asipatikane hata mmoja wa kuitambua ile lugha? Ni kwa sababu kila mtu alikuwa amehamia mbali. Mtu mwenye hofu anasikia tu, hasikilizi.

Basi nikainama kumgeuza. Masikio yangu yakawa karibu kabisa na mdomo wake. Akasema dada, dada, akaendelea na yale maneno yake yaliyopinda kwa sababu ya kiharusi, na katikati nikanasa neno moja: yuva.

Nikaachia shuka. Yuva ni mama, kwa Kihehe. Na hapo hapo nikakumbuka kosa langu la zamani kule Iringa. Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, ameungua na maji ya moto, analia dada, dada. Mimi nikaenda kumleta dada yake wa miaka kumi na miwili, nikamketisha kitandani. Mtoto akazidi kulia. Saa mbili nzima nabembeleza, naimba, najisifu moyoni kwa huruma yangu, mpaka Mama Kikoti akaweka ndoo chini na kuniambia, "Sista, huyo analilia baba yake. Kwetu sisi dada ndiyo baba." Na baba mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, nimemzuia mimi kwa sababu saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa haijafika.

Nikatoka wodini karibu nikimbie. Hawa akasimama, akadhani mama amekata roho. "Nipe saa moja tu," nikamwambia. "Saa moja, Hawa. Nikishindwa nitakusaidia mwenyewe kumbeba."

Wodi ya jirani kulikuwa na mama aliyefanyiwa upasuaji, na mumewe, Mzee Mhapa, alikuwa akija kila siku na chupa ya uji. Mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, Mhehe, mtu mpole mwenye kofia ya sufu asiyoivua. Nikamweleza kwa kifupi. Akasita, maana habari za namba saba zilikuwa zimemfikia. "Sista, mimi ni Mkristo," alisema, "lakini mambo mengine siyo ya kuchezea." Hata hivyo akanifuata.

Ukungu ulikuwa umeziba madirisha yote. Mzee Mhapa akasimama mguuni pa kitanda, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Kamwene."

Bi Salama akageuza kichwa. Wiki nzima hakuwa amemtazama mtu yeyote. Alikuwa anautazama mlango. Sasa akamtazama yeye usoni, kwa muda mrefu, na uso wake wote ukafunguka kama wa mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shuleni. Akasema maneno machache.

Nikamwona Mzee Mhapa anashika chuma cha kitanda.

"Anasemaje?" Hawa akauliza nyuma yangu.

"Kihehe," mzee akasema. "Lakini cha zamani, cha bibi zetu. Watoto wangu hawawezi kuongea hivi." Akamgeukia Hawa. "Anasema: Baba, umerudi. Anauliza, sasa naweza kusema?"

Bi Salama akarudia swali lile lile. Anasubiri. Hapepesi macho.

"Sista, anadhani mimi ni baba yake," mzee akaninong'oneza. "Nimjibu nini?"

Tumefundishwa tusimdanganye mgonjwa, na nawaambia ninyi pia msimdanganye. Lakini pale mbele yangu sikuona mgonjwa wa miaka sabini. Nilimwona mtoto aliyemuuliza mzazi wake swali, na kwa desturi za kwetu sote, Wahehe na Wanyakyusa, mtoto akikuuliza hivyo huwezi kumgeuzia mgongo. "Mjibu kama mzazi," nikasema.

Mzee Mhapa akavua kofia yake. Akafikiri kidogo, akasema sentensi moja fupi. Baadaye aliniambia ilikuwa na maana ya: sema, mwanangu, wameshaondoka. Hakujua ni akina nani walioondoka. Alisema neno lilikuja tu.

Bi Salama akalia bila sauti. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka gari la chakula cha jioni likaingia.

Mzee alikuwa akitafsiri vipande vipande, Hawa amekaa kitandani na mkono mdomoni. Habari ilikuwa hivi. Mtoto alikuwa akisafiri kwa miguu na baba yake, wametoka Uhehe, wanapita porini kwenda Usangu kutafuta kibarua cha mpunga. Mama yake, yule yuva, amebaki nyumbani na mtoto mchanga. Wakasikia tembo, wengi. Baba akamwingiza kwenye kichaka kilichoota juu ya kichuguu, akamwambia: kaa hapa, ubane mdomo, usiseme neno hata nikikawia, mpaka nije mwenyewe nikuambie sema. Akaenda kutazama njia. Hakurudi. Mtoto akabana mdomo usiku ule wote, na siku ya pili, hata watu walipopita na punda akawaona kabisa, hakuita. Ni mbwa wao aliyemgundua.

Jioni ile Hawa akampigia simu Mzee Seif, kaka mkubwa wa mama yake anayeishi Rujewa, mwenye zaidi ya miaka themanini. Akaweka spika ili nami nisikie. Akamuuliza kama ni kweli mama yake aliokotwa porini akiwa mtoto.

"Nani kakwambia?" mzee akauliza.

"Mama mwenyewe, mjomba. Amesema yote."

"Kasema." Tukamsikia akipumua. "Basi ni kweli. Tulimwokota njiani, baba yangu na watu wake walipokuwa wakienda kununua mpunga. Karibu mwaka mzima hakutoa neno, tukajua ni bubu. Siku moja mama anaita kuku, na yeye akawaita, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, herufi kwa herufi. Tangu hapo akawa mtoto wa nyumbani. Mama alituapisha tusimwambie mtu kwamba si damu yetu. Hata marehemu baba yako hakujua."

"Na kwao, mjomba? Hakuwahi kupaulizia?"

"Tulimpeleka kwa Wahehe mara mbili, waongee naye. Anabana mdomo vile vile, mpaka damu. Tukamwacha."

Siku iliyofuata alikula. Ilitosha Mzee Mhapa kusimama pale na kumwambia kwa Kihehe, fungua, akafungua. Tukamnyanyua mgongo, kidevu tukakishusha kifuani, nusu kijiko kwa nusu kijiko cha uji mzito, na baada ya kila tonge neno la kumeza. Nilitafuta kwenye akili yangu kile Kihehe cha Mama Kikoti, kikaja kimoja kimoja, nikamlisha mwenyewe siku za wikendi. Dokta wetu, kijana mzuri, alitueleza kwamba ubongo ukiumia lugha iliyoingia kwanza wakati mwingine ndiyo inayorudi kwanza. Nakubaliana naye. Nimewaona wengine baada ya pale.

Lakini Mzee Mhapa alinivuta pembeni siku mkewe alipopewa ruhusa. "Sista, kuna jambo sikulitafsiri. Siku ile, kuna mahali alikuwa ananyamaza, anasikiliza, halafu anajibu. Anajibu: ndiyo. Anajibu: hapana, sikulia. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Sikuwa nimemuuliza kitu." Akavaa kofia yake akaondoka. Nimemweleza dokta jambo hilo pia, naye akasema ni ubongo huo huo. Inawezekana.

Mtadhani Hawa alifurahi. Hakufurahi. Kiswahili cha Bi Salama kilirudi baada ya wiki mbili hivi, neno kwa neno, lakini kilirudi kikiwa cha mtu mwingine. Aliunga sentensi za Kihehe kwa maneno ya Kiswahili. Herufi ya r ikampotea kabisa. Kizuri ikawa "kizuli", karibu ikawa "kalibu". Yule mwanamke wa vitambaa tuliyekuwa tukisimama kumsikiliza hakuonekana tena. Siku moja nilimkuta Hawa kwenye korido, ameegemea ukuta.

"Nikifumba macho, Sista, simjui anayeongea," akasema. "Mama yangu alikuwa akiniambia 'karibu, mwanangu' utadhani anaimba. Huyu ana mkono wa mama, ana kovu la mama, na sauti siyo. Je, yule mwingine alikuwa nani? Miaka yote ile alikuwa anaigiza?"

"Hakuna anayeigiza miaka sitini, Hawa. Alikulea kwa lugha ile. Ni yake."

"Na hii?"

"Hii pia."

Kesho yake alikuja na daftari. Akampigia simu Mzee Mhapa Ruaha Mbuyuni, akawa anaandika maneno, anayasoma kimya kimya kama anayehifadhi sura. Alasiri, kwenye ukungu ule ule, akasogeza kiti kwa mama yake, akasema kwa taabu, "Kamwene, yuva."

Bi Salama akamtazama. Akamshika kidevu kwa mkono wake mzima, akalitamka neno lile polepole, akivuta mahali Hawa alipokata. Hawa akarudia. Mama akatikisa kichwa, hapana, akatamka tena. Mara ya nne akaridhika, akampiga kofi dogo shavuni.

Hawa akanigeukia, machozi yanamtiririka. "Hivi ndivyo alivyonifundisha kusema 'dhahabu'," akasema. "Kofi hilo hilo."

Waliondoka baada ya siku tisa. Bi Salama aliishi miaka miwili tena, na Hawa ameniambia kwamba alifariki akiwa usingizini. Uhehe walikwenda mara moja, kijiji hawakukipata. Ile fomu ya kupokea wagonjwa tuliiongezea mstari kwa kalamu: lugha ya utotoni. Nasikia siku hizi wengi wenu mnaandika Kiswahili kwa kila mtu bila kuuliza, ili mstari usibaki wazi. Acheni hiyo tabia.

Mimi sasa ninaishi Uyole. Wanangu niliwalea kwa Kiswahili ili wasipate taabu niliyopata shuleni, na wajukuu wanaongea Kiswahili na Kiingereza. Hakuna hata mmoja anayejua Kinyakyusa, na kosa ni langu. Presha yangu naijua namba zake. Nimewahudumia wengi waliopigwa na kiharusi kwa namba kama hizo. Likizo iliyopita mjukuu wangu wa kike alikuja kutoka Dar es Salaam. Nikamketisha jikoni nikamfundisha neno moja tu, amisi, maji. Akaniuliza linamsaidia nini. Nikamwambia halimsaidii yeye. Akalisema vibaya, nikamrekebisha, akalisema vizuri, akaenda kwenye mtungi akaniletea kikombe. Nilikunywa yote, ingawa sikuwa na kiu.